Nondo anayeelea uani: ninunue flashi au lenzi?

Yakhe_Wete: Asalaam aleikum. Uani kwetu kuna lantana, na nondo wa mchana hawaishi kuja. Husimama hewani mbele ya ua, wakachomeka mrija. Nina kamera ya zamani na lenzi ya milimita 18-55. Pesa inatosha kitu kimoja: flashi au lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100?

BintiChwaka: Flashi, bila kufikiri mara mbili. Ukiipunguza nguvu hadi 1/32, mwako wake huwa mfupi mno, kwenye flashi nyingi chini ya 1/10,000 ya sekunde. Mwako ndio unaogandisha mabawa, si shata, ile pazia ya kamera inayofunguka kupitisha mwanga. Shata iache 1/200 ya sekunde, tundu la lenzi f/11, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 200. Ila piga kivulini! Juani mwanga wa kawaida nao unaingia, unapata nondo na kivuli chake cha ukungu.

Mzee_Kizimbani: Mie flashi siipendi, nyuma kunakuwa kiza kama usiku. Jua la kaskazi saa nne asubuhi lipo bure: 1/4000, ISO 1600. Mabawa yakitoka na ukungu kidogo, sawa tu, ndiyo yanaonesha anaruka.

Kipepeo_Ngezi: Na simu je? Yangu inarekodi fremu 240 kwa sekunde.

BintiChwaka: Nondo wa jamii hiyo wa Ulaya hupiga mabawa kama mara 70 hadi 80 kwa sekunde. Kwa hiyo kila pigo unapata fremu tatu hivi. Video itapendeza, picha ya kuchapisha hapana. Tena simu husoma picha mstari kwa mstari, bawa linatoka limepinda.

Mzee_Kizimbani: Hapo kweli.

Kipepeo_Ngezi: Basi Yakhe, fokasi iweke kwa mkono. Chagua ua moja, weka umbali, kisha usogeze mwili mbele na nyuma badala ya kuzungusha lenzi. Ukitaka pa kujifunzia, tafuta wale nzi wanaojifanya nyuki. Dume huelea pahala pamoja. Ukimfukuza, mara nyingi anarudi palepale.

Yakhe_Wete: Lakini 18-55 si itanilazimu kumkaribia sana?

BintiChwaka: Utamkaribia, ndiyo. Kaa kwenye milimita 55, atatoka mdogo, utakata picha baadaye. Makro isiyo na mwanga itakupa ukungu mkubwa zaidi, basi.

Yakhe_Wete: Haya, flashi. Nikivuka Unguja nitapita soko la Darajani kuulizia iliyotumika.

Mzee_Kizimbani: Ijaribu hapohapo dukani, na uhakikishe nguvu inapunguzwa kwa mkono. Zile za otomatiki pekee usichukue.