Kesi za sinema na kesi za kweli za Marekani

Kutoka: Msimamizi wa orodha, Columbus
Kwa: Wanajumuiya wote

Ndugu zanguni, salaam. Vijana wetu wanauliza mambo matatu, na yote yametoka kwenye sinema. Polisi asipomsomea mtu haki zake, kesi inafutwa? Aliyekamatwa ana haki ya simu moja? Na mlalamikaji akisema amesamehe, mambo yanaishia hapo? Walio kwenye fani hii watusaidie. Tunaomba maelezo ya kufanyia kazi.

---

Kutoka: Wakili wa kesi za jinai, Minneapolis

Msimamizi, asante kwa kuliweka wazi. Naanza na la kwanza kwa sababu ndilo linaloponza watu wengi.

Hukumu ya Miranda dhidi ya Arizona ya mwaka 1966 haisemi kwamba polisi lazima akusomee haki zako pale anapokutia pingu. Inasema akiwa amekushikilia, na anataka kukuhoji, akusomee kwanza. Yote mawili lazima yawepo. Afisa anayekupigia simu uende kituoni "tuongee kidogo", huku ukiwa huru kuondoka, hana wajibu huo, na utakachomwambia kitaletwa mahakamani. Na akikuhoji chini ya ulinzi bila kukusomea, kinachozuiwa ni maneno yako kutumika kuthibitisha kosa. Video ya duka, simu na mashahidi vinabaki palepale, na kesi inaendelea.

Halafu kuna suala la kukaa kimya. Katika sinema mtuhumiwa anakunja mikono, anamtazama mpelelezi, basi, ameshinda. Mwaka 2010, katika kesi ya Berghuis dhidi ya Thompkins, Mahakama Kuu ya Marekani ilikutana na mtu aliyekaa karibu saa tatu bila kusema kitu cha maana, mwisho akajibu maswali machache kuhusu kumwomba Mungu msamaha. Majibu yale yalitumika dhidi yake, kwa kuwa hakuwahi kutamka kwamba anaitumia haki yake ya kunyamaza. Kwa hiyo kimya lazima kitangazwe kwa mdomo. Sema: "Sitajibu maswali. Nataka wakili." Kisha nyamaza kweli, maana ukianzisha mwenyewe mazungumzo ya kesi umewafungulia mlango tena.

Angalieni na namna ya kutamka. Mwaka 1994, katika kesi ya Davis, mtu alisema labda angeongea na wakili, na Mahakama ikaona hayo si madai ya wakili. Sisi tumelelewa kuomba kwa upole: "samahani afande, kama inawezekana, labda ningepata wakili." Adabu hiyo nzuri, katika chumba kile, inakunyang'anya haki yako. Ondoa "labda" na ondoa "kama inawezekana".

Mjue pia kwamba mpelelezi anaruhusiwa kukudanganya, kwamba mwenzako ameshakutaja au alama zako za vidole zimepatikana. Hilo lilikubaliwa tangu kesi ya Frazier dhidi ya Cupp mwaka 1969. Usijibu uongo wake kwa maelezo marefu ya kujisafisha.

Simu moja? Katiba ya Marekani haina kifungu hicho. Kila jimbo lina utaratibu wake. California, kwa mfano, inatoa simu tatu ndani ya saa tatu baada ya mtu kukamatwa. Jambo la kushika ni kwamba simu za mahabusu hurekodiwa, na kuongea Kiswahili hakukukingi. Mwendesha mashtaka huajiri mtafsiri, mkanda ukasikilizwa neno kwa neno. Ukimpigia mkeo au kaka yako, mwambie uko kituo gani, jina lako limeandikwaje, na atafute wakili. Habari ya tukio lenyewe usiiguse.

Siku ile ya mahakama yenye hotuba ya kutoa machozi watu wengi hawaifikii kabisa. Mwaka 2012 Mahakama Kuu yenyewe iliandika kwamba asilimia 97 ya waliotiwa hatiani katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika za majimbo, walikiri kosa. Kesi inaamuliwa kwenye korido, kwa makubaliano kati ya wakili na mwendesha mashtaka, pengine dakika chache kabla ya jaji kuingia. Muulizeni wakili mapema: ushahidi wote waliokabidhi umeuona? Ofa ni ipi kwa maandishi? Nikikataa, adhabu ya juu ni miaka mingapi? Shahidi wa kushtukiza anayeingia mlangoni dakika ya mwisho ni wa sinema. Tangu hukumu ya Brady ya mwaka 1963, upande wa mashtaka hauruhusiwi kuficha ushahidi muhimu unaomfaa mshtakiwa.

---

Kutoka: Mkalimani wa mahakama, Columbus

Kaka Wakili amesema ya sheria. Mimi naongeza ya lugha, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia bila kujua wameumia wapi.

Kwanza, "wakili wa serikali". Tanzania maneno hayo yana maana ya anayeendesha mashtaka. Huku, asiye na uwezo katika kesi ya jinai inayoweza kumpeleka jela anapewa mtetezi anayelipwa na serikali (hukumu ya Gideon ya mwaka 1963 ndiyo iliyofungua njia). Mtu akiambiwa "wakili wa serikali amekuja kukuona", anajifunga mdomo mbele ya mtetezi wake mwenyewe. Mwiteni "mtetezi wa umma". Anabanwa na wajibu uleule wa kutunza siri kama wakili wa kulipwa.

Pili, saa. Shahidi anasema "saa mbili usiku". Mkalimani mzembe, au jirani aliyejitolea kutafsiri, anaitafsiri namba kama ilivyo, na kwa Kiingereza inakuwa saa nane za usiku. Risiti ya duka inaonyesha saa mbili, na hapo hapo shahidi anaonekana mwongo. Tamkeni pamoja na tukio: "saa mbili usiku, baada ya swala ya isha", au "kabla watoto hawajalala", ili kosa ligundulike palepale.

Tatu, na hili ni zito: maswali ya kukanusha. Wakili anauliza, "Hukusaini hati hii?" Sisi tunajibu "ndiyo", maana yake "ni kweli, sikusaini". Kwa Kiingereza "ndiyo" hiyo inaeleweka kuwa nimesaini. Katika maelezo ya kiapo yanayochukuliwa ofisini kwa wakili, na karani anaandika kila neno, jibu hilo linakaa kwenye kumbukumbu. Jibuni kwa sentensi kamili: "Sikusaini." Dawa ni hiyo, hata kama wakili anadai ndiyo au hapana.

Tena kuna "ndugu", ambaye kwetu ni wa tumbo moja, wa ukoo, hata wa kijijini. Kuna "baba mdogo", na kuna "yeye" asiyejulikana ni mwanamume au mwanamke. Semeni uhusiano wote: mtoto wa dada wa mama yangu. Mkisema "ndugu yangu" leo na kesho ikaonekana ni binamu, mnahojiwa kama waongo. Na "pole" baada ya ajali ya gari! Kwetu ni utu. Ikitafsiriwa kama kuomba radhi, bima ya upande wa pili itaishika kama kukiri kosa. California ina kifungu kinachozuia maneno ya kusikitika baada ya ajali yasitumike kama ushahidi wa kosa katika kesi ya madai, lakini hakilindi neno "kosa ni langu". Mpe mtu maji, piga 911, usizungumzie nani alikosea.

Msikubali mtoto wenu awatafsirie mahakamani. Ombeni mkalimani mapema kwa karani, na mtaje Kiswahili cha wapi. Mzee wa Bukavu au Uvira na mama wa Lamu hawatumii maneno sawa, na mkalimani wa simu aliyezoea cha Nairobi anaweza kupotea kwa wote wawili. Usipomwelewa, inua mkono umwambie jaji papo hapo. Kulalamika baada ya kesi kunasaidia kidogo sana.

---

Kutoka: Mama wa kikundi cha akina mama, Portland, Maine

Wapendwa, swali la tatu bado. Mke amepiga 911, mume amekamatwa, wazee wamekaa wamesuluhisha. Katika sinema anasema tu "nafuta mashtaka". Huku ikoje?

---

Kutoka: Wakili wa kesi za jinai, Minneapolis

Shikamoo mama. Hafuti, kwa sababu mashtaka si yake. Kesi inaitwa Jimbo dhidi ya fulani, na yeye ni shahidi. Mwendesha mashtaka akitaka, anaendelea na rekodi ya 911, picha na kamera ya polisi, hata mke akikaa kimya.

Kikao cha wazee ndicho kinachonitia hofu. Kwa kawaida jaji hutoa amri ya kutowasiliana siku ya kwanza kabisa, na amri hiyo inamfunga mume. Mke akimpigia yeye akapokea, aliyevunja amri ni mume. Amri nyingi zinakataza pia ujumbe kupitia mtu mwingine, kwa hiyo mjomba anayebeba salamu anamwongezea kosa. Na mzee anayemshinikiza mke abadilishe maneno yake anaweza kushtakiwa mwenyewe kwa kuvuruga shahidi. Nia ya amani haimwokoi.

Njia iliyo salama ni mke mwenyewe aende kwa mtetezi wa waathirika aliye katika ofisi ya mwendesha mashtaka, au kwa wakili wake, aeleze anachotaka. Wakili wa mume apeleke ombi la kulegeza amri. Mpaka jaji asaini, mume asikanyage nyumbani, hata kuchukua nguo, ila kwa utaratibu uliopangwa na polisi.

---

Kutoka: Mwakilishi wa kesi za uhamiaji, Dallas

Naomba niunganishe hapo. Kwa asiye raia, kuvunja amri ya ulinzi katika sehemu inayokataza vurugu, vitisho au usumbufu wa kurudia ni sababu ya kufukuzwa nchini, inayosimama peke yake.

Tangu hukumu ya Padilla ya mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kumshauri mteja asiye raia kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha. Lakini hawezi kushauri asichokijua, basi mwambieni siku ya kwanza: mimi nina kadi ya ukaazi, mimi ni mkimbizi, mimi bado naomba hifadhi. Kuna ofa zinazoonekana tamu: kiri leo, kaa miezi 12 bila kosa, jimbo litafuta. Kwa sheria ya uhamiaji, ukikiri na jaji akakuwekea adhabu au sharti lolote, umetiwa hatiani, hata jimbo likifuta baadaye. Siku nazo zinahesabiwa. Kwa makosa kama wizi, kifungo cha siku 365 kinaweza kuingia kwenye kundi zito kabisa la makosa, ambalo cha siku 364 hakiingii, na kifungo kilichosimamishwa kinahesabika vilevile. Siku moja inaweza kuamua familia itabaki pamoja au la, na huombwa kabla ya kukiri.

Mahakama ya uhamiaji haina jopo la raia wanaoamua kesi (jury) wala mtetezi wa bure kwa jumla. Sheria inasema una haki ya wakili bila gharama kwa serikali. Usipofika siku ya kesi, amri ya kuondolewa inaweza kutolewa ukiwa hupo. Ukihama, ijulishe mahakama hiyo kwa fomu EOIR-33 ndani ya siku 5 za kazi, na idara ya uhamiaji kwa fomu AR-11 ndani ya siku 10. Fomu mbili, ofisi mbili. Kutuma moja na kusahau nyingine ndiko kunakopoteza barua.

Na jihadharini na neno notari. Kenya na Tanzania anayegonga muhuri huo kwa kawaida ni wakili, ndiyo maana tunamwamini. Huku, katika majimbo mengi, ni mtu yeyote aliyelipa ada na kupewa kibali cha kushuhudia saini. Hawezi kuwachagulia fomu wala kuwashauri. Jina la wakili litafutwe katika orodha ya mawakili ya jimbo, bure mtandaoni. Asiye wakili aonyeshe kibali cha Wizara ya Sheria.

---

Kutoka: Msaidizi wa kisheria, kesi za madai, St. Paul

Mmesahau madai, na watu wengi wataguswa na deni la kadi au kodi ya nyumba kabla ya jinai. Katika sinema mleta samansi (hati ya kukuita mahakamani) anakutupia karatasi, na ukizishika tu ndipo umekabidhiwa. Kwa kweli kuzikataa hakusaidii. Anaweza kumwachia mtu mwenye umri wa kutosha anayeishi nyumbani kwako. Mpwa akipokea na kuziweka juu ya friji, saa imeanza kuhesabu: siku 21 Minnesota, 28 Ohio, 30 California. Zikipita bila majibu ya maandishi, mdai anaomba hukumu ya upande mmoja, kisha mshahara unaanza kukatwa. Kupiga simu kwa mdai kuahidi kulipa si majibu.

Minnesota kuna mtego wake. Kesi huanza pale unapokabidhiwa hati, hata kama haijafunguliwa mahakamani, hivyo samansi halali inaweza kukosa namba ya kesi. Ukiuliza mahakamani wanakwambia hakuna kesi, nawe unazitupa ukidhani ni matapeli. Usizitupe. Jibu.

Wakili wa ajali anayelipwa kwa asilimia, kwa kawaida theluthi moja, lazima awe na mkataba wa maandishi. Someni kama gharama za wataalamu zinatolewa kabla au baada ya asilimia yake. Katika The Verdict ya mwaka 1982 wakili anakataa fedha za suluhu bila kuwauliza wateja. Kanuni za uwakili zinasema uamuzi huo ni wa mteja, kila ofa lazima ikufikie.

---

Kutoka: Msimamizi wa orodha, Columbus

Asanteni sana. Na wale walioletewa barua ya kuitwa kwenye jopo la mahakama wakati si raia?

---

Kutoka: Mwakilishi wa kesi za uhamiaji, Dallas

Majina hutolewa katika orodha za wapiga kura na, majimbo mengi, leseni za udereva, hivyo barua kukufikia si kosa lako. Usiitupe na usiende kukaa kwenye jopo. Weka alama kwenye "si raia", saini, rudisha kabla ya tarehe, na tunza nakala. Usimpe kijana aijaze kwa haraka: kudai uraia usio nao, hata kwenye fomu hii, kunaweza kuziba njia ya uraia na kuleta kesi ya kufukuzwa, na msamaha wake ni nadra mno.