Usichome Miche Iliyokufa

*Kikundi: Majirani wa Ahero*

Mwenyekiti: Hamjambo majirani. Maji ya mto Nyando yameshuka, tumshukuru Mungu. Afisa wa kilimo wa wadi atapita Alhamisi kuandika hasara. Tafadhali kila mtu awe nyumbani.

Mama Miche: Mwenyekiti, mimi nitaandikwa vipi? Wale waliopita jana waliniuliza nina eka ngapi. Nikasema kitalu hakifiki hata robo eka. Wakaandika "hasara ndogo" wakaenda zao. Miche 3,200 ya maembe ya kubebeshwa (kikonyo cha aina bora juu ya shina la mche mwingine) imezama yote!

Baba Mpunga: Pole sana mama. Mpunga wangu umelala, lakini angalau eka zangu zinaonekana.

Mama Miche: Leo nimepasua karatasi moja, ule mfuko wa plastiki wa mche, nione ndani. Mizizi imekuwa myeusi, ukiigusa ganda linabanduka na kubaki mkononi. Juu, ile plastiki niliyofungia kikonyo bado imekaza vilevile, kikonyo chenyewe kimesinyaa. Na kuna mteja wa Muhoroni aliyekuwa ameshalipa nusu. Nimemwambia kijana akusanye yote achome.

Mwalimu: Mama, mzuie huyo kijana SASA HIVI. Usichome hata mmoja. Ukishachoma, Alhamisi utamwonyesha afisa nini? Majivu?

Mama Miche: Haya, nimempigia. Ameacha.

Binti wa Mzee (North Carolina, Marekani): Salamu kwenu wazazi wangu. Mwalimu amesema kweli. Huku kimbunga Helene kilipopita Septemba 2024, milima ya upande wa magharibi iliharibika vibaya, na huko ndiko wanakokuza miti ya Krismasi. Wizara ya kilimo ya Marekani ina mpango wa miti peke yake, na wenye vitalu wamo. Wanahesabu miti iliyokufa kupita ile ambayo ingekufa kwa kawaida, kisha hulipa asilimia 65 ya gharama ya kupanda upya. Lakini lazima uwe na ushahidi, na maombi yana siku za mwisho.

Baba Mpunga: Kumbe wao wanahesabu mti kwa mti.

Mwalimu: Hapo ndipo nataka tusimame sote. Kitalu hakipimwi kwa eka, kinapimwa kwa mche. Mama akipewa mfuko wa mbolea na mbegu za mahindi, hiyo haijamrudisha kazini. Anahitaji karatasi za miche, udongo, neti ya kivuli na vikonyo vya kubebesha. Mwenyekiti, hili liandikwe kwenye barua ya kijiji.

Mwenyekiti: Nitaliandika. Mama, cheti cha KEPHIS, wale wakaguzi wa afya ya mimea, unacho?

Mama Miche: Cheti kimelowa, lakini nilikipiga picha kwa simu. Na daftari la mauzo liko, limeshikana kurasa.

Mwalimu: Lianike kivulini, usilipeleke motoni. Kurasa zikikauka, zipige picha. Miche ipange kumi kumi kwa mstari, upige picha kila safu na nyumba yako ionekane nyuma, halafu andika bei ya kila aina.

Jirani wa Posho Mill: Na ambao hatujajiandikisha kwa chifu?

Mwenyekiti: Nendeni kesho asubuhi na kitambulisho. Mbolea ya ruzuku ya shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 si mnajua huja kwa ujumbe wa simu kwa waliosajiliwa tu? Msaada wa mafuriko nao ukija, wataanza na orodha iliyopo. Na wewe Mama, hakikisha umeandikwa kama mwenye kitalu, si mahindi pekee.

Mama Miche: Waliniandika mahindi.

Mwenyekiti: Basi kesho tunaenda wote wawili kwa chifu kurekebisha. Saa mbili niko kwako.

Baba Mpunga: Vijana wangu watakuja kukusaidia kupanga miche. Wanaanza saa moja, kabla jua halijawa kali.

Mama Miche: Asanteni sana. Waje na mabuti, matope bado yanafika magotini upande wa mtaro.