Msitu wetu, doria yetu, ila kuvuna mpaka wakubwa wakae kikao!

Wakuu, nimechoshwa na huu wimbo wa "usimamizi shirikishi wa misitu". Sera ya Misitu ya 1998 iliukubali, Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ikautia nguvu: kijiji kitenge msitu wake wa hifadhi, kiwe na mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kisha kivune na hela ibaki kijijini. Na inawezekana. Hapa hapa Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC (cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri) mwaka 2009 kwa mpingo wao.

Nasi tukaingia kichwa kichwa. Vijana wanapiga doria na kandambili, posho ya kuungaunga. Miti imehesabiwa, ya kuvunwa imepigwa rangi, mnunuzi wa mninga kapatikana. Kilichobaki ni kamati ya uvunaji ya wilaya kupitisha.

Kamati haikai! Mara bosi yuko ziarani, mara fungu la posho za wajumbe halijatoka, mara "mzee, acha namba, tutakupigia". Mnunuzi kachoka, kaondoka zake. Masika ikishika, njia ya kule haipitiki hata kwa trekta.

Sasa sikieni kinachoniuma. Kanuni za 2019 ziliweka marufuku ya kusafirisha mazao ya misitu kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Njooni mlale kwetu siku moja. Saa 8 usiku Fuso zinanguruma, maturubai yamekazwa. Kukicha unakuta visiki vya mninga vibichi, utomvu mwekundu unachuruzika, alama ya nyundo (muhuri wa serikali wa kuonyesha uvunaji halali) hakuna. Hao walikaa kikao gani? Na geti la ukaguzi wanapitaje? (Msinijibu, najua.)

Tukikamata gogo tunaambiwa tumevuka mipaka ya kazi yetu. Tukinyamaza tunaambiwa kijiji kimeshindwa kulinda.

Vijana wameanza kusema wazi: kama msitu haulipi, tufyeke tulime ufuta. Nawajibu nini? Ufuta hela yake wanaiona mnadani kila msimu. Ya msitu wanaisikia kwenye semina, na madarasa tuliyowaahidi wazazi yameishia kwenye msingi.

Wanasheria wa humu: kamati ya wilaya inabanwa na muda wowote kujibu maombi ya kijiji? Kama kifungu kipo kwenye Tangazo la Serikali Na. 417 la 2019 (kanuni hizo za mazao ya misitu) au kwingine, kiwekeni hapa hadharani. Ujumbe wa faragha (PM) sitaki, nataka nikichape nikakibandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.