Hivi XQuery Full Text ni ya nani maana kila databesi ina ya kwake!!

Wakuu nimechoka. Nimepewa kazi ya kuhamisha nyaraka za XML (hukumu zilizowekewa tagi) kutoka databesi moja kwenda nyingine, bosi anajua ni kukopi tu kwa vile zote zinatumia XQuery (lugha ya kuulizia data za XML), kumbe sehemu yote ya kusechi ndani ya maandishi natakiwa kuandika upya mstari kwa mstari!

Na msiniletee ile ya "si utumie contains() tu", ile fanksheni ya kawaida ya XQuery. contains() inalinganisha herufi, haijui neno ni nini. Mtu anatafuta kodi inambebea na kodisha na ukodishaji, akiandika Kodi kwa herufi kubwa zile za herufi ndogo hazioni kabisa. Ukiipa elementi zaidi ya moja kwa mpigo inakutupia XPTY0004 (kosa la aina ya data).

Kinachoniuma dawa ipo. XQuery 1.0 ilipitishwa 2007 bila hii kitu, W3C (wale wanaoweka viwango vya wavuti) wakaja kupitisha XQuery and XPath Full Text, nyongeza ya kusechi maneno, 2011, na kusema ukweli walitulia. Cheki:

//aya[. contains text "kodi" ftand "pango" distance at most 5 words]

Inakuletea aya ambazo hayo maneno yamekaribiana, basi. Ukitaka yawe sentensi moja unaweka same sentence. Kuna hadi without content .//tanbihi, yani hukumu nzima haiji eti kwa sababu neno limetajwa kwenye tanbihi huko chini (hii peke yake ingeniokolea kazi kibao).

Sasa kati ya databesi za XML nani anaifuata? BaseX wanayo, sawa. eXist-db wana ft:query ya kwao inayopitia Lucene (injini ya kusechi), MarkLogic wana cts:search ya kwao. Nyumba ya kambale, baba ndevu mama ndevu mtoto ndevu. Najua wapo waliokuwa na ya kwao kabla ya 2011, ila toka 2011 mpaka leo si wangeweka zote mbili jamani??

Hao W3C nao siwaachi. Wamesema score (alama ya jibu linavyofaa) iwe kati ya 0 na 1, ila jinsi ya kuipiga hesabu kila injini ijijue, stemming (kurudisha neno kwenye shina lake) hivyo hivyo. Kwa hiyo hata mbili zinazofuata kiwango zinaweza kukupangia majibu tofauti, halafu mtumiaji analalamika kwangu "mbona ile hukumu ya juu imeshuka".

Kwa sasa nafunga kila kweri ndani ya fanksheni moja ya kwangu ili siku tukihama tena nibadilishe sehemu moja. Ila distance imenigomea. Aliyewahi kuivusha aseme alifanyaje, na kama unakuja kuniambia niache XML nihamie JSON pita tu.