Dawa kwenye chakula cha kuku: ipigwe marufuku au tunawaonea wafugaji?

Kipanga wa Tegeta: Wakuu, kuna utafiti wa daktari wa Marekani, Stuart Levy wa Chuo Kikuu cha Tufts. Alichukua vifaranga kama 300 kwenye shamba moja kule Massachusetts, nusu akawawekea oksitetra (antibiotiki, dawa ya kuua bakteria) kidogo kwenye chakula, nusu akawaacha hivihivi. Siku chache tu bakteria wa tumboni mwa wale wa dawa wakawa sugu, yaani dawa haiwaui tena. Miezi sita haijaisha, watu wa pale shambani nao wakakutwa na bakteria sugu na wala hawajameza kidonge! Hiyo ilitoka 1976. Leo huku kwetu OTC, ndo hiyohiyo oksitetra, inanunuliwa kama pipi, mtu anaimwaga kwenye maji toka kifaranga wa siku moja eti wakue haraka. Ulaya dawa za kukuzia mifugo walizifuta kabisa 2006, sisi tunasubiri nini? Hasa hawa wafugaji wa uani, hata karatasi ya dawa hawajui kuisoma.

Mama Banda: Hapo mwisho umeniharibia siku. Nina kuku 400 uani kwangu Mbezi, karatasi ya dawa naisoma na miwani maana wameandika vimaandishi kama sisimizi. Wewe umewahi kufuga hata njiwa?

Kipanga wa Tegeta: Mama samahani, sikukusema wewe.

Mama Banda: Umesema wafugaji wa uani. Mimi nafugia sebuleni?

Jogoo Mstaafu: 😂😂 Mleta mada kimbia. Afu mbona jambo dogo, nyama ikichemka bakteria anakufa, awe sugu awe legelege. Tumemaliza.

Pima Dozi: Wa kwenye sufuria anakufa kweli mkuu, ila kabla ya sufuria kuna mikono iliyomchinja, kuna ubao uliokatia kuku afu ukakatia kachumbari.

Jogoo Mstaafu: Kwetu kachumbari inakatiwa mkononi, ubao ni mambo ya kwenye tivii.

Pima Dozi: Na huo mkono ulikuwa umeshika nini? Haya, China walikuwa wanawapa nguruwe kolistini wanenepe, ile dawa ambayo hospitali wanaitoa zingine zote zikishagoma. 2016 wakagundua jeni la usugu linalohama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, linaitwa mcr-1.

Kipanga wa Tegeta: Ni Novemba 2015 mkuu. 2017 ndo China wakaacha kuiweka kwenye chakula cha mifugo.

Pima Dozi: Sawa bwana 2015, kwani nimeua.

Binti Supu: Ndo maana mimi broila siligusi, nakula kienyeji tu. Wiki tano kuku keshakuwa mzee mzima, hiyo ni nyama au sponji?

Mama Banda: Kienyeji yupi mwanangu? Huyo unayeuziwa sokoni ni chotara, chanjo zilezile, dawa zilezile, mabanda yanatazamana. Au ni leya kastaafu kutaga, kapakwa sifa.

Binti Supu: Wangu anatoka Singida, anakuja na basi.

Jogoo Mstaafu: Leya naye anapanda basi dada.

Binti Supu: Kaka usinizoee. Kienyeji namjua kwa mfupa, ukiupiga meno unakurudishia.

Mla Chipsi: Nyama inayochemka saa tatu hiyo si chakula ni adhabu, na mkaa tunanunua.

Binti Supu: Wanaume wa chipsi kuku mmefika, na mdomo laini kama kuku wenu.

Kipanga wa Tegeta: Jamani turudi kwenye mada. Mama Banda, sema ukweli, unawapa dawa kuku wazima?

Mama Banda: Nilikuwa nawapa, sikufichi. Kuku 400 ni hela ya mkopo, saa nne usiku unakuta kumi wamezubaa, bwana mifugo simu imezimwa, utawaimbia? Mwenye duka akikuambia OTC unabeba OTC. Mwaka huo walikufa wote na dawa yangu mdomoni, kumbe mdondo.

Pima Dozi: Mdondo ni virusi mama, OTC hata haimtekenyi. Ule ni chanjo mapema, tone moja kwenye jicho.

Mama Banda: Sasa hivi nachanja. Na wakipewa dawa siuzi mpaka siku zilizoandikwa kwenye karatasi ziishe, ileile karatasi nisiyojua kuisoma.

Kipanga wa Tegeta: Mama hujanisamehe tu?

Binti Supu: Mama Banda, kienyeji wa kweli huna hata wawili watatu? Jumamosi nina wageni.

Mama Banda: Majogoo wanne wanalala juu ya mwembe, dawa hawaijui. Ila kuwakamata uje mwenyewe.