Kwa waandishi wa vichwa vya habari: mwizi HAPEWI "stahiki zake"

Wakuu, hii kero imezidi. Mtu kakamatwa na ng'ombe wa wizi, kafikishwa mahakamani, kafungwa, halafu mnatuandikia "Mwizi wa ng'ombe apata stahiki zake". Stahiki zipi? Kiinua mgongo? Malimbikizo ya mshahara? Nauli ya kusafirishia mizigo? Anayedai stahiki zake ni mtumishi aliyestaafu, na akizungushwa anakwenda kumlilia afisa utumishi. Neno lenyewe halina kosa. Likikaa nyuma ya adhabu linafanya kazi vizuri kabisa: "amepewa adhabu stahiki", yaani inayolingana na kosa lake. Likiachwa peke yake, tena na "zake" mkiani, linageuka fedha.

Ndugu yake, stahili, nalo mnalitesa. Hiki ni kitenzi kisichochagua: mtu anastahili pongezi, anastahili heshima, anastahili viboko. Kwa hiyo lazima kitajiwe kinachostahiliwa. Wanaoweka tafsiri chini ya filamu ndio wanaongoza: jambazi kaanguka kutoka ghorofani, adui yake anamchungulia, chini panaandikwa "Unastahili". Anastahili nini, kombe? Mswahili akimsuta mtu aliyepatwa na la kujitafutia husema "umeyataka mwenyewe", au "si uliambiwa?", au "ukome!", na kama ni mtu mzima atakumalizia na msiba wa kujitakia hauna kilio. Ukiling'ang'ania stahili, basi andika "unastahili hayo yaliyokupata".

Sasa arobaini. Hapa ndipo damu inachemka.

Methali ni "siku za mwizi ni arobaini". Zinazohesabiwa ni siku, ndiyo maana tunasema "arobaini zake zimefika", "arobaini zake zimetimia". Hiyo zi- ni ya siku, hata kama siku zenyewe hazikutajwa. Nyie mnaandika "arobaini yake imefika". Arobaini ikiwa moja ni ya marehemu: watu wanakaa kisomo, sufuria za pilau ziko jikoni. Au ni ya mzazi ambaye bado hajatoka ndani. Kwa herufi mbili tu mmeshamzika mwizi wa watu, naye yuko mahabusu anakula ugali.

Halafu arobaini si adhabu. Ni siku ya kunaswa. Polisi wakigonga mlango, arobaini zimetimia. Kifungo kinakuja baadaye, kwa mdomo wa hakimu. Kwa hiyo "ahukumiwa arobaini zake" na "apigwa arobaini zake" ni takataka. Na methali inamhusu aliyezoea, yule aliyeiba akapona, akaiba tena akapona. Aliyekosa mara ya kwanza na kudakwa papo hapo hana arobaini za kutimia, hakuhesabu hata moja.

Adabu na adhabu nisiwachoshe. Adabu unamtia mtu au unamshikisha. Adhabu unampa, naye anaitumikia. "Mwalimu amempa adabu" haisemeki. Ukidondosha h kwenye "ameadhibiwa" unapata "ameadibiwa", yaani amefunzwa tabia njema, na hapo kiboko hakikuguswa. Wa "azabu" kwa z, nendeni mkatubu.

La mwisho ni zito kuliko sarufi. "Mtuhumiwa aadhibiwa na wananchi wenye hasira kali." Kwanza mtuhumiwa bado anatuhumiwa tu. Akisomewa mashtaka anakuwa mshtakiwa, akitiwa hatiani ndipo adhabu inazungumzwa. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa wa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Pili, anayeadhibu ni mwenye mamlaka: mahakama, mzazi, mwalimu, Mungu. Kundi la barabarani halina mamlaka hayo. Andikeni "apigwa", na kama amekufa andikeni "auawa". Mkiandika "aadhibiwa" mmeshatoa hukumu, na waliompiga mmewapa joho la hakimu.

---

Mtema Kuni Mstaafu:
Umesahau langu. "Kukiona cha mtema kuni": hiyo ki- na hiyo cha ni za kitu, haziguswi. Kuna mtu kaandika "amemwona mtema kuni" kana kwamba wamekutana porini. Pia ni msemo wa vitisho na kejeli. Mzazi humwambia mtoto mtukutu "leo utakiona". Ukiandika "waathirika wa mafuriko waona cha mtema kuni" unawacheka watu waliopoteza nyumba. Hao wamepatwa na maafa, basi.

Bin Sarufi:
Niongezee komesha na komoa. Komesha hupokea kosa au mtu: komesha wizi, wizi unaisha, mkomeshe mwizi, naye anajuta na harudii. Kumkomoa mtu ni habari nyingine, hapo kuna chuki: unataka aumie, akijirekebisha au asijirekebishe si hoja yako. Mwalimu anayempa mwanafunzi adhabu nzito kwa sababu ya ugomvi na baba yake anamkomoa. Mkisema "serikali yawakomoa mafisadi" mkidhani mnaisifu, mmeitukana.

Mzee wa Kona:
Lugha inakua mkuu, ilimradi ujumbe umefika.

Mwenye uzi:
@Mzee wa Kona, hapo hakuna ujumbe uliofika, umefika mwingine. Nikikwambia fulani amepata stahiki zake unampigia simu kumwomba mkopo.

@Bin Sarufi, hapo umenena. Kuna na patiliza, yaani kumwadhibu mtu kwa kosa, neno tamu limelala kwenye Biblia, Kutoka 20:5, watu wanalipita tu. Linabeba mtu na kosa kwa pamoja: unampatiliza mtu maovu yake, au, kama kwenye aya hiyo, wana wanapatilizwa maovu ya baba zao. Ukisema "amepatilizwa" ukanyamaza, msikilizaji anabaki anasubiri kosa.

Msomaji Tu:
Na "mwizi apata haki yake" je? Nimeiona leo.

Mwenye uzi:
Mbaya zaidi. Anayepata haki ni mwenye ng'ombe. Mwizi anapata adhabu. "Haki yake" kwa mwizi ni wakili, dhamana na kukata rufaa. Kama nafasi ya kichwa cha habari ni ndogo, andikeni kilichotokea: "Mwizi wa ng'ombe afungwa miaka 5". Kama alistahili au la, msomaji ataamua akimaliza habari.