Ati nipunguze umbea ndo betri ikae!! Huyu fundi wa vioo vya simu amenifikisha

mwanaTudor:
Jamani niacheni nitapike hapa. Yule fundi mnamjua, sitaji jina, yule mwenye kibao cha "MALI ORIJINO" kikubwa kushinda duka lenyewe. Leo ameniambia mbele ya wateja, na mavyaa wangu amesimama pale pale, walahi mavyaa, "Dada betri yako nzima, punguza umbea." PUNGUZA UMBEA. Mimi!

Simu yangu ya AMOLED ilianguka kioo kikapasuka akanibadilishia, tangu hapo betri yaporomoka tu, natoka Tudor imejaa nikifika Kongowea ishaanza kulia, muuza viazi ashazoea kunichajia. Nikarudi kwake, ati weka dak modi, ile ya kugeuza skrini iwe nyeusi ili betri ikae. Nikaweka, hadi picha ya mbele nyeusi tititi, simu nzima nimeivisha kaniki. Wapi!

Sasa jana usiku stima imepotea mtaa mzima, nafungua ile picha nyeusi gizani, skrini yote yang'aa kijivu, kwenye kona ndo zaidi, hadi vidole vyangu naviona. AMOLED gani yawaka kwenye weusi? Kile kioo cha kwanza kila pikseli ilijiwashia taa yake, palipo peusi pamezimwa. Hii ni LCD, taa iko nyuma yawaka yote, uweke nyeusi uweke maua. Na kufungua kwa kidole kulikufa siku ile ile, akasema "itarudi yenyewe." Leo nimempelekea maneno yote haya, jibu ndo hilo, umbea. Mbele ya mavyaa!!

kijana_wa_Bamburi:
Pole dada, swali dogo tu. Ulishajaribu kuupunguza? 😂

fundi_mwenzio:
Hiyo ni insel, LCD ya bei rahisi ya kubandikia, umepigwa. Kioo cha AMOLED chenyewe ni ghali, ukiona bei tamu jiulize. Kidole sahau, sensa iko chini ya kioo na LCD haipitishi. Ila dak modi nayo mwaisifu sana, Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani walipima 2021 kwenye simu za OLED, hiyo AMOLED yako ni aina yake, mwangaza ukiwa asilimia 30 hadi 50 yaokoa asilimia 3 hadi 9 tu ya chaji. Mwangaza ukiwa mwisho kabisa ndo yafika 39 hadi 47, na nani anatembea na mwangaza wa mwisho?

shemeji_feri:
Mimi hapa. Jua la Likoni saa saba mchana, ukipunguza utamtumia pesa mtu usiyemjua.

mwanaTudor:
Hamnisikii. MBELE YA MAVYAA.

mamaKisauni:
Yeye alisemaje?

mwanaTudor:
Alijifunika leso akacheka!

mamaKisauni:
Basi kuna kitu anakijua 🤣

bila_chaji:
Wewe angalau ulikuwa nayo AMOLED ikaibiwa. Mimi niliuziwa iPhone 11 naapiwa OLED, mwaka mzima naishi kwenye dak modi kama popo, kumbe 11 ya kawaida ni LCD, zenye OLED ni 11 Pro. Macho yameumia bure na betri ni ile ile.

shemeji_feri:
Nyie mwalia na vioo, nani atanijibu kuhusu pawabenki? Imeandikwa mAh 20000, yaani ujazo wa chaji, simu yangu 5000, hesabu ya darasa la tatu ni mara nne. Haijawahi kufika tatu!!

fundi_mwenzio:
Hiyo 20000 ni ya seli za ndani, volti 3.7. Ikipandishwa hadi 5 itoke kwa waya ishapungua, na nyingine yaishia kwenye joto.

shemeji_feri:
Kwa hivyo nimenunua pasi.

mwanaTudor:
Jamani uzi ni wangu

kijana_wa_Bamburi:
Kuna mwenye chaja ya Type-C anauza? Niko Bombolulu.

bila_chaji:
Ninayo, ila waya mpaka uukunje uulalie upande ndo yashika.

kijana_wa_Bamburi:
Bei?